Eka tatu zilitolewa zilimwe

Hotuba kwa wakulima na warithi wa mashamba ya eka tatu, Wilaya ya Kati, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, Mheshimiwa Sheha na wajumbe wako, na nyinyi vijana mliokaa madawati ya nyuma: ahsanteni kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii. Najua masika yanabisha hodi, na wapo humu ambao mbegu zimo maguniani zinangoja mvua ya mwanzo. Sitawaweka mpaka adhuhuri.

Nataka tuanze mjini, kwa majina tu. Michenzani. Miembeni. Kikwajuni. Mikunguni. Migombani. Kiembesamaki. Waliotia majina hayo waliita walichokiona mbele ya macho yao: michenza, miembe, mkwaju, mikungu, migomba. Mji wetu umejengwa juu ya mashamba, na majina yamebaki kutushuhudia. Nenda leo Michenzani ukaulize mchenza uko wapi. Utaoneshwa maghorofa.

Sisemi haya kuulaumu mji. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Sensa ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya 586,000, na visiwa ni vile vile, Unguja na Pemba pamoja kiasi cha kilomita za mraba 2,650. Hao walioongezeka ni watoto wetu na wajukuu zetu, na kila mmoja anataka pa kuweka ubavu. Atakayekuja hapa akakwambieni watu wasijenge, msimsikilize. Mimi ninauliza wanajenga wapi, na nani aliyewafungulia mlango.

Nimefanya kazi ya ubwana shamba zaidi ya miaka thelathini. Nimetembea kisiwa hiki kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, jembe na kitabu mkononi. Kitu cha mwanzo nilichofundishwa na wakulima, kabla ya kufundishwa chuoni Kizimbani, ni kwamba Unguja haikuumbwa sawa. Upande wa magharibi, kwenye matuta na mabonde ya Dole, Kizimbani, Mwera na mpaka huku kwetu, udongo una kina. Kuna kinongo chekundu cha mikarafuu na michungwa, na huko chini kuna bopwe linaloshika maji kwa ajili ya mpunga. Ukivuka kwenda mashariki na kusini unakuta jiwe. Mtu wa maweni analima kwenye vishimo baina ya mawe, anapanda mtama na choroko palipobaki udongo wa kiganja, na namheshimu sana kwa kazi hiyo.

Sasa tazameni mji uko upande gani. Uko magharibi, na kila ukijinyoosha unajinyoosha juu ya udongo ule bora. Mwanakwerekwe, Fuoni, Tomondo, Kisauni, na sasa Mwera. Tunazika kinongo chini ya saruji, halafu tunampa mkulima jiwe tukimwambia alime.

Na wapo wataalamu walioliona hili zamani. Mji wa Zanzibar umechorewa ramani ya mipango mara nyingi: 1923, 1958, 1968, 1982. Nyumba zimekuwa zikizipita ramani hizo kila mara. Hapo sikai.

Nikae kwenye eka tatu, maana ndizo zilizotukusanya.

Wazee mlio hapa mbele mnakumbuka, vijana mmesimuliwa. Kabla ya Mapinduzi baba zetu walikuwa wakikaa kwenye mashamba ya wenyewe. Walipalilia mikarafuu na minazi ya mwenye shamba, na kwa ajili ya jasho hilo wakaruhusiwa kupanda chini yake muhogo, kunde, viazi. Kilichokatazwa ni mti wa kudumu. Usipande mnazi, usipande mkarafuu. Kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu mti ndio hati. Mwenye mti ana neno juu ya ardhi, na mwenye muhogo akishauchimba hana kitu.

Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa kuwa ya Serikali. Mwaka uliofuata Mzee Karume akaanza kugawa, Dole, eka tatu kwa kila mmoja, na ugawaji ukaendelea mpaka miaka ya sabini. Familia zaidi ya 20,000 zilipata. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akisema kwamba siku ile, kabla ya kulima hata jembe moja, alikwenda kupanda mnazi. Mnazi mmoja tu, katikati, ili naye awe mtu mwenye mti. Mnazi ule ameukwea kaka yangu, nikaukwea mimi, na leo umepinda lakini unazaa.

Eka zile zilikuja na sharti. Zilimwe. Zirithiwe. Zisiuzwe, na zisikatwe vipande. Sharti hilo sikulitunga mimi asubuhi ya leo. Mzee aliyepewa alilijua siku aliyopewa. Sheria ya Matumizi ya Ardhi, Na. 12 ya 1992, nayo ikasema wazi kwamba ardhi ni ya umma, mdhamini wake ni Rais, na alichonacho mwananchi ni haki ya kuitumia kwa kazi iliyotolewa. Mimi na wewe tuna haki ya kulima, na kula, na kuwarithisha watoto walime na wao wale. Dunia nyingi wakulima wanaililia haki hiyo na hawaipati.

Imekuwaje basi, kwa sharti lote hilo, leo ukisimama kilimani hapo nje unahesabu mabati kuliko minazi?

Nitasema, na wapo watakaoona nimewavua nguo. Ardhi hii hakuna mtu aliyetunyang'anya. Tunaitoa wenyewe. Inatoka kwa karatasi.

Karatasi yenyewe mnaijua. Imeandikwa: "Mimi fulani bin fulani nimemuuzia fulani minazi minne na muembe mmoja vilivyopo mahali fulani." Ardhi haikutajwa. Kiwanja hakikutajwa. Ni miti tu, na miti mtu anaruhusiwa kuuza. Mashahidi wawili wanatia sahihi, dalali anapokea chake, na wiki ya pili minazi minne na muembe vimelala chini, matofali yanashushwa. Tumeichukua ile heshima ya mti, heshima iliyomfanya mama yangu akimbilie kupanda mnazi kabla ya chakula, tukaigeuza kuwa njia ya kuipitisha haramu.

Na mimi, ndugu zangu, jina langu limo kwenye karatasi moja ya namna hiyo. Binamu yangu alikuwa na mgonjwa wa kuvushwa Dar es Salaam, na hakuwa na kitu. Alikuja usiku, akalia mbele yangu. Nilikuwa bwana shamba, naijua sheria, nikasema ni kipande kidogo, pembeni, na roho ya mtu ni kubwa. Nikatia sahihi. Yule mgonjwa Mwenyezi Mungu alimchukua baada ya miezi. Kipande kile kikavuta cha pili, kwa sababu aliyenunua alitaka njia ya gari. Njia ilipopita, cha tatu na cha nne vikapanda bei. Leo ziko nyumba tisa. Binamu yangu amepanga chumba Fuoni, ananunua muhogo sokoni, na kila nikikutana naye tunazungumza mambo mengine.

Ndiyo maana siji hapa kumkemea aliyeuza kwa dhiki. Namjua, ni mimi na ni ndugu yangu. Ila naomba tuwe wakweli kwamba dhiki si sababu ya mauzo yote. Wapo waliouza kwa arusi. Wapo waliouza kwa pikipiki. Na wapo, hawa ndio wanaonikosesha usingizi, walionunua.

Anakuja mtu mwenye uwezo, anakusanya eka mbili au tatu kutoka kwa warithi wanne, anazungusha ukuta, anatia geti la chuma. Ukimuuliza anasema ni shamba. Ndani kuna jumba, bwawa la kuogelea, majani ya kukatwa kwa mashine, na michungwa sita ya kuonesha. Haajiri mpaliliaji, haleti kitu sokoni. Mwengine hajengi kabisa. Ameweka ukuta na anangoja bei. Kwa miaka saba, minane, kichaka kinamea mahali ambapo mama mmoja alikuwa akitoa magunia ya mpunga. Hiyo ni ardhi ya kilimo iliyofungwa kifungo, na mwenye ufunguo halimi wala haruhusu mtu alime.

Kuna na lile la mchanga. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu udongo ndio kazi yangu. Mwenye shamba anapata habari kwamba chini ya muhogo wake kuna mchanga wa kujengea. Anawaita wachimbaji. Wanaondoa kwanza ile ngozi ya juu, udongo mweusi wa shubiri moja au mbili, na kuutupa pembeni kama takataka, wafikie mchanga. Ngozi ile imechukua miaka mingi mno kujitengeneza, kwa majani yaliyooza na minyoo na mizizi. Wanaitupa kwa asubuhi moja. Kisha zinakuja gari za ng'ombe, kisha malori. Nendeni Pangatupu, nendeni Donge Chechele, mtazame mashimo. Serikali imeweka vibali na masharti, na kila siku inarudia kutukumbusha kwamba mchanga ni maliasili isiyorejea, lakini shimo lililochimbwa usiku halisomi kibali. Mwenye shamba amelipwa mara moja. Shamba halitalipa tena.

Najua jawabu linalonijia, nimeshalisikia barazani mara nyingi: "Changu hiki. Nitakifanya nitakavyo." Bwana wangu, hebu tulitazame neno hilo taratibu.

Maji yanayopita chini ya shamba lako ni yako? Mji ule unakunywa maji ya chini ya ardhi, ya visima na chemchemi. Sultani Barghash alipoyaleta maji mjini kwa mabomba, katika karne ya kumi na tisa, aliyatoa Chemchem, Bububu, na chemchemi ile inalishwa na mvua inayonywea kwenye ardhi ya mashamba na misitu ya juu. Mvua ikianguka kwenye konde inazama. Ikianguka kwenye bati na saruji inakimbia. Na nyumba tisa zilizofuata sahihi yangu zina mashimo tisa ya maji machafu, juu ya bonde ambalo watu wanachota visimani.

Na yale yanayokimbia yanakwenda wapi? Waulizeni wa Mwanakwerekwe wanavyoishi na masika. Waulizeni wa Kibondemzungu, kabla ya daraja, gari ngapi zimezolewa na watoto wangapi wamekosa skuli. Jina lenyewe limekwambia: kibonde. Bonde ni mahali maji yanapopita tangu Mungu alipoliumba, na ukiliziba yatatafuta mlango wako.

Kwa hiyo hiki ni chako kama vile zamu ya kuchota maji ni yako. Ikifika unachota, kisha unamwachia mwenzako ndoo ikiwa nzima.

Mama zangu mnaokwenda bondeni, nyinyi niwaulize: mchele mnaopika leo umetoka wapi? Wengi wetu tunakula mapembe, mchele wa kuletwa kutoka nje. Unatoka India, unatoka Pakistan, unatoka Thailand. Siudharau, umetulea. Lakini Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe wa kawaida ili iwatosheleze watu wake kwanza. Walikuwa na haki. Nchi yao, watoto wao. Sisi tukabaki kumtazama mwenye duka usoni. Na huku nyuma Serikali imechukua mkopo wa Korea Kusini kupeleka maji ya umwagiliaji Cheju, Kibokwa, Kilombero ya hapa Unguja na mabonde mengine, ili mtu alime mara mbili kwa mwaka asingoje mvua. Mifereji imechimbwa kwa fedha ambazo wajukuu zetu watazilipa. Itakuwa msiba gani kama maji yatafika na bonde limekwisha kukatwa viwanja?

Hesabu nyingine fupi. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,000. Dalali anaziona viwanja ishirini na tano vya mita ishirini kwa ishirini, na njia zake. Anapiga hesabu mbele ya vijana wa marehemu, na macho yanawatoka, maana hesabu ile ni ya kweli. Ila hakuna anayepiga hesabu ya upande wa pili. Eka tatu zile zimelisha nyumba ya mama yangu tangu miaka ya sitini. Zimesomesha watoto saba. Zimetoa nazi, muhogo, ndizi, mpunga wa chini, na majani ya ng'ombe. Jumlisheni miaka hiyo yote, kisha mjumlishe na sitini ijayo, halafu muiweke mezani mbele ya dalali.

Ugumu wa kweli uko kwenye mirathi, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kufanya jambo wenyewe bila ya kungoja mtu. Mzee alipewa eka tatu. Akaacha watoto wanane. Wanane wakaacha arubaini. Kila mmoja ana haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu na hakuna wa kuiondoa. Lakini haki ya mrithi si lazima iwe kipande cha ardhi. Inaweza kuwa sehemu ya mavuno.

Iko familia moja, si mbali na hapa, na wamo humu wanaoijua. Wako warithi ishirini na wawili. Walikaa mwaka mzima wakigombana, ikakaribia kufika mahakama ya ardhi. Mwisho mwanamke mmoja, mtoto wa tatu wa marehemu, akasema: tusikate ardhi, tukate hesabu. Wakaandika majina yote kwenye daftari, na fungu la kila mmoja kwa mujibu wa faraidhi. Wanaolima ni watu watano. Mavuno yakiuzwa, wanaolima wanatoa gharama zao na ujira wao kwanza, na kinachobaki kinagawiwa kwa lile daftari. Aliye Muscat anapata, aliye Dar es Salaam anapata, kidogo lakini kila msimu. Na anayetaka kutoka kabisa, ndugu zake wanamfidia kwa awamu, fungu linabaki ndani. Shamba halijapungua hata hatua moja. Sisemi kwamba hawagombani. Wanagombana juu ya bei ya nazi, na hilo ni ugomvi wa watu walio na nazi.

Mheshimiwa Sheha, nakuomba radhi kwa nitakalosema mbele ya watu wako, lakini nalisema kwa mapenzi. Karatasi ya miti haitembei bila ya kupita mlangoni kwako au kwa mjumbe wako. Tunajua unavyobanwa. Anakuja jirani, anakuja mkwe, anakuja mtu mkubwa kutoka mjini na gari lake. Usibaki peke yako. Tunachokuomba ni kimoja: karatasi yoyote ya miti iliyo ndani ya eka tatu isitiwe sahihi mpaka isomwe hadharani, hapa skuli, mbele ya warithi wote na majirani wa bonde. Aliye na jambo la halali hataogopa kusomewa. Na ukibanwa, sema wananchi wamekataa. Tutakuja tukae barazani kwako, tukueleweshe kwa vitendo kwamba tumekataa.

Na Kamisheni ya Ardhi tunaiandikia barua, imeshaandikwa, itapita kwenu mtie sahihi. Tunaomba bonde lote lipimwe, liwekwe bikoni, na lichorwe kwenye ramani kama ardhi ya kilimo, na ramani ibandikwe ukutani kwa sheha mahali kila mnunuzi atakapoiona kabla hajatoa pesa. Tunaomba pia waliozungushia ukuta eka za kilimo bila ya kulima waitwe waulizwe. Na vijana wanaotaka nyumba wapimiwe viwanja kwenye jiwe, kule ambako mkulima hakosi kitu, na njia na maji na umeme vipelekwe huko kwanza. Nchi hii ilijenga maghorofa Michenzani katika miaka ya sabini. Kwenda juu tunakujua.

Barua ni barua. Inaweza kukaa. Kwa hiyo hatungoji.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, tunakutana kwenye mnazi uliopinda, ule wa mama yangu. Tunaanza kutoka pale kushuka mpaka mtoni, tunapanda mibono kwenye mpaka wote wa bonde, kila familia upande wake, jirani akishuhudia jirani. Vipandikizi nimeshakata, viko uwani kwangu, mafungu arubaini. Kamba ataleta Mjumbe. Wenye mapanga waje nayo, na wazee wanaokumbuka mipaka ya zamani ilipopita tutawafuata kwa gari la ng'ombe, maana wao ndio watakaotuonesha pa kuchimba.